Kiwanja Kililowa Kiangazi

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Ernestine hewani, amefumba macho, rozari mkononi, ndege ikiinama kuelekea Kasongo. Sasa magurudumu yamegonga ardhi. Amefumbua macho, amechungulia dirishani, na alichokiona kimemfanya aiachie rozari ikaanguka.

Vumbi!

Vumbi jekundu, ndugu msomaji, vumbi la mwezi wa saba, lilipanda hadi likafunika bawa la ndege.

"Matope iko wapi?" Ernestine akauliza kwa sauti.

Abiria wote kumi na wawili walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo wakijiuliza hilohilo. Siku mbili nzima walikaa Bukavu juu ya mizigo yao. Jumanne waliambiwa ndege haiendi, kiwanja cha Kasongo kimelowa. Jumatano wakaambiwa haiendi, Kasongo ni matope matupu. Leo Alhamisi wamefika saa nne asubuhi, na boti iliondoka saa mbili.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikueleze haraka, kwa sababu mama huyu hana muda. Ernestine anauza mawese Kabambare. Ni mke wa Sylvestre kwa miaka ishirini: mahari ilitolewa, wazee walikula na kunywa, watoto watano wamezaliwa. Kilichobaki ni kanisa, na kuhusu kanisa Sylvestre alikuwa na jibu moja kila Pasaka: mwaka kesho. Mwaka huu, sijui kaumwa na mdudu gani, akakubali. Parokia ikakodi boti ya kuwapeleka jozi kumi na mbili hadi Kibombo, ambako askofu atabariki ndoa zote kwa misa moja keshokutwa Jumamosi. Kivuko cha kuvukia Lualaba kimeharibika tangu mvua za masika, kwa hiyo aliyekosa boti amekosa ndoa. Ernestine alikwenda Bukavu kwa siku chache tu kushonewa gauni, baada ya binti yake Plamedi kumwambia kwamba mama mzima hawezi kuolewa na nguo ya kuazima.

Gauni lilikuwa ndani ya sanduku, mapajani mwake. Mlango wa ndege ulipofunguliwa hakungoja ngazi. Aliruka.

"Dady!"

Dady alikuwa amesimama chini ya kibanda chake cha mabati, kizibao cha manjano kifuani, simu mkononi. Alipomwona Ernestine anakuja na sanduku kichwani na abiria kumi na mmoja nyuma yake, akarudi hatua mbili.

"Mama Plamedi, karibu, safari ilikuwa..."

"Usinikaribishe! Matope iko wapi?"

"Mama, ilikauka."

"Ilikauka lini? Leo asubui? Jua ya wapi inakausha matope ya siku mbili mu saa moja?"

Hapa lazima nikueleze kazi ya Dady, la sivyo hutaelewa hasira iliyofuata. Kiwanja hiki kidogo ni cha udongo. Kila asubuhi Dady hukipita kwa pikipiki toka mwanzo hadi mwisho. Gurudumu likiacha mfereji wa kina kuzidi kidole, anaupiga picha, anaituma Bukavu, na ndege haiondoki. Lisipoacha kitu, anatuma neno moja: kavu. Watu wa Bukavu hawana jicho lingine Kasongo. Dady akisema matope, ni matope.

"Wallahi!" alipiga kelele mwanamke mmoja mnene aliyejitanda mtandio wa kijani. Huyu ni Chadia, mfanyabiashara wa vitambaa, anayezunguka na marobota yake toka Bukavu hadi machimbo ya Lusangi. "Miye niko nauza hapa mwaka ya kumi na moja. Sijaona mvua mu mwezi ya saba. Ngojeni!"

Akashika njia ya kiwanjani peke yake, akikanyaga kwa nguvu. Alipofika hatua kama hamsini akainama, kisha akapiga ukelele.

"Mukuje muone maajabu!"

Wote wakamfuata mbio. Pale chini palikuwa na kipande cha udongo uliokauka na kupasuka, upana wake kama mkeka wa kulalia. Katikati yake mlikuwa na alama moja ya gurudumu, imezama vizuri. Kuzunguka mkeka huo, pande zote, vumbi. Na pembeni, kwenye majani, lilikuwa limelala bido la manjano la kuchotea maji, tupu.

Ni mvua gani hiyo, jamani, inayonyesha juu ya mkeka mmoja?

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi sokoni. Mzee mmoja aliyekuwa anawahi boti hiyohiyo, kaka yake anakata roho Kibombo, alivua kofia akaitupa chini, akaikanyaga mwenyewe. Watu wawili wakamshika Dady mikono. Chadia akampokonya simu.

"Fungua!"

"Mama Chadia, ni simu ya kazi..."

"Fungua, ao ninaitia mu ile bido!"

Dady akafungua. Picha ya Jumanne ilikuwepo: matope yanang'aa, mfereji wa gurudumu, na juu kabisa, kwenye kona, kipande cha matigadi nyekundu ya pikipiki. Juu ya matigadi palikuwa na maandishi kwa rangi nyeupe: MUNGU HACHELEWI.

Ernestine aliyasoma mara moja. Hakuhitaji kuyasoma mara ya pili. Maandishi hayo yaliandikwa uani kwake Kabambare, na brashi aliishika Sylvestre.

"Hii ni moto ya bwana yangu," akasema polepole, akiionyesha pikipiki.

Watu wakamgeukia Dady.

"Dady. Nani alikutuma?"

"Mama, unisamehe. Niliombwa na mutu mwenye siwezi kumukatalia."

"Jina yake!"

"Uniue tu, siwezi. Uulize mu nyumba yako."

Akufukuzaye hakwambii toka. Ernestine alisimama pale, jua linamchoma utosi, na miaka ishirini ikampita kichwani kwa dakika moja: mwaka kesho, mwaka kesho, mwaka kesho. Mwaka huu mtu amekubali, kumbe amekubali huku anachota maji! Nakuambia ukweli, mimi mwenyewe ninayeandika nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Kuna wanaume wanastahili kufungwa kwenye mti wa mchwa.

"Motari!" akaita. "Motari iko wapi?"

Akajitokeza dereva wa pikipiki, Kadogo. Jina lisikudanganye: Kadogo ana miaka hamsini na minne, wajukuu saba na mvi hadi kwenye nyusi. Alikuwa na pikipiki iliyochoka kama yeye na moyo usiochoka.

"Papa Kadogo, unipeleke ku bandari."

"Mama Plamedi, boti imeenda. Miye mwenyewe nilimubeba bwana yako leo asubui." Akasita. Akamtazama Chadia, akatazama chini. "Nilibeba wawili."

"Wawili nani?"

"Bwana yako na mwanamuke. Alivaa nguo nyeupe."

Ernestine akaweka sanduku chini.

"Sema yote, papa."

"Papa Marcellin, ule katekista mupya, alikuwa anaita majina kabla watu wapande boti. Akaita Sylvestre. Akaitika. Akaita Ernestine." Kadogo akanyoosha mkono wake juu. "Ule mwanamuke akanyoosha mukono. Akasema: présente. Akaonyesha karte ya batême."

Kadi yake ya ubatizo! Aliiacha kwa Sylvestre kwa mkono wake mwenyewe, ipelekwe parokiani kwenye faili. Katekista Marcellin amehamia Kasongo juzi, hamjui Ernestine kwa sura. Na jozi nyingine zote zilitoka Lusangi na vijiji vya karibu. Toka Kabambare walikuwa wao wawili tu.

"Ule mwanamuke," Chadia akauliza, "iko na pengo hapa mbele?"

"Iko nayo," Kadogo akajibu.

"Ni Yvette! Yvette wa Lusangi! Iko na shimo yake ya dhahabu, wachimbaji wake wanamuita Mama Pédégé, ni kusema mukubwa wa kazi. Bwana yako iko anafanya kazi mu shimo yake, Mama Plamedi. Na unajua juu ya nini anaiba jina yako? Sababu jina yake mwenyewe haiwezi! Yvette alifunga ndoa ya kanisa kule Fizi, na bwana ule hajakufa. Alinunua kitambaa kwangu mwezi jana. Kanisa haiwezi kumufungisha tena."

Ernestine alijishika kichwa. Kisha sauti ikatoka yote kwa mara moja.

"Basi Siku ya Posho, Jumamosi, miye nitaolewa! Jina yangu itaandikwa mu kitabu ya askofu, na miye sitakuwa! Mwingine atavaa pete yangu, na miye nitakuwa bibi ya kanisa ya ule mushenzi mupaka kufa!"

"Boti inasimama Nyangwe," Kadogo akasema. "Inapakia muchele na samaki. Haitoki mbele ya saa nane."

Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Ernestine alishapanda. Chadia akayaacha marobota yake kwa yule mzee wa kofia, akajipandisha nyuma.

"Na weye unaenda wapi?" Ernestine akauliza.

"Miye? Ile siwezi kuikosa!"

Wakaondoka watu watatu na sanduku juu ya pikipiki ya mtu mmoja na nusu.

Njia ya Nyangwe kiangazi ni mchanga, mawe na mashimo ya mvua iliyopita. Kadogo alikuwa anaimba zaburi ili asione anachokifanya. Vumbi liliwaingia puani, masikioni, ndani ya meno. Ernestine hakusema neno ila moja, na hilo moja alilirudia kila walipoanguka na kusimama tena: "Twende."

Walipobakiza kama saa moja ya safari walifika kwenye daraja la magogo. Kadogo akalipita katikati, kama anavyolipita kila siku. Pah! Gurudumu la nyuma likakaa chini.

Kadogo akateremka, akaligusa, akatikisa kichwa.

"Kibao ya mianzi. Imekata tube yote."

"Uzibe!"

"Kiraka ya mwisho niliweka jana. Saa zingine tunajaza nyasi mu pneu, tunaenda polepole. Lakini uone."

Wakaona. Wawindaji walikuwa wamechoma pori lote, kulia na kushoto, nchi nyeusi hadi macho yalipoishia. Hapakuwa na nyasi ya kumtosha mbuzi. Saa ya Chadia ilisema saa saba na robo.

"Ku nafasi ya nyasi tunaweza kutia hata nguo," Kadogo akasema kwa upole. "Nguo mingi."

Chadia akaushika mtandio wake. Ulikuwa mdogo. Ernestine alilifungua sanduku.

Lilikuwa zuri, nisikufiche. Satini nyeupe, mikono ya lesi, marinda matatu ndani, mkia wa kuburuta hatua mbili. Fundi wa Bukavu alikesha akilishona.

"Mama, hapana," Kadogo akasema. "Ile ni ya harusi."

"Ni yenyewe ilinitoa kwangu. Kama si hii nguo, leo niko mu boti." Akalishika shingoni, akavuta. Kitambaa kililia. Akavuta tena, akapasua mkia, akapasua marinda, machozi yanachora njia mbili kwenye vumbi la uso wake. "Ingiza! Ingiza yote!"

Wakaingiza yote. Gurudumu lililila gauni zima kuanzia kola hadi mkia, na kamba ya lesi ikabaki nje ikicheza pembeni. Pikipiki ikaondoka ikichechemea, Kadogo haimbi tena. Wakaenda hivyo hadi walipoiona Lualaba.

Nyangwe! Mitumbwi ya wavuvi imepangwa ufukoni, magunia ya mchele yanapita juu ya vichwa vya watu, na pale mbele, kubwa, yenye turubai la buluu na bendera za karatasi, boti. Kwaya ilikuwa ndani inaimba. Mota ilishawashwa. Katekista Marcellin, mtu mwembamba wa miwani, alisimama penye ubao wa kupandia na orodha yake, akihesabu upya watu waliokuwa wameteremka kula.

"Sylvestre na Ernestine!"

"Présents!" zikaitika sauti mbili.

"Bongo! Uongo!" ikaitika ya tatu.

Watu wote wakageuka. Walimwona mwanamke mwekundu toka nywele hadi vidole vya miguu, kiatu kimoja, anashuka mtelemko wa bandari huku anasukuma wachuuzi wa samaki kushoto na kulia.

Sylvestre alikuwa amevaa suti ya kijivu. Ernestine hajapata kuiona. Na kando yake, nguo nyeupe isiyo na hata doa, alikaa Yvette na mkoba mapajani.

"Mama Plamedi," Sylvestre akasema, na rangi ikamtoka. "Walisema avion yako itashuka Kasongo Lundi, Jumatatu."

"Nani walisema? Weye ulimwanga maji mu kiwanja na moto yako!"

"Maji? Maji gani? Miye?" Na hapa, msomaji, nakiri jambo lililonishangaza hata mimi: mtu huyu alishangaa kweli. "Naapa ku kaburi ya mama yangu, sijui maji yoyote. Nilikungoja tangu Jumanne! Boti haikuweza kungoja."

"Na huyu?"

Sylvestre akamtazama Yvette, akatazama viatu vyake.

"Nafasi ilibakia wazi," akasema.

Nafasi ilibakia wazi! Miaka ishirini, matumbo matano, mawese yaliyomlisha hata alipokuwa haleti kitu toka machimboni, na jibu ni hilo: nafasi ilibakia wazi. Kama kungekuwa na mchi karibu, hadithi hii ingekwisha leo.

Marcellin akapandisha miwani.

"Mama, weye ni nani?"

"Niko Ernestine! Bibi yake!"

"Karte ya batême?"

"Ule anaishika! Ni yangu! Yeye ni Yvette, iko na bwana wa kanisa kule Fizi!"

Yvette akatabasamu, pengo likaonekana. Akafungua mkoba, akatoa kadi, akampa katekista kwa mikono miwili kwa adabu.

"Huyo Yvette wa Fizi simujui, papa," akasema. "Miye ni Ernestine. Unasoma mwenyewe."

Katekista akasoma. Akamtazama mwanamke safi mwenye kadi. Akamtazama mwanamke mwekundu mwenye kiatu kimoja.

"Wachimbaji wa Lusangi wako hapa!" Chadia akapaza sauti toka nyuma. "Waseme! Museme, banaume, huyu ni nani?"

Wanaume wanne wa Lusangi waliokaa na wachumba wao wakaanza kuchunguza mbao za boti. Wote wanne wanachimba katika shimo la Mama Pédégé, na Jumatatu wanarudi shimoni.

"Wote wanaogopa!" Ernestine akalia. Macho yake yakapita juu ya vichwa, yakatafuta, yakapata. Katika safu ya pili ya kwaya, kitambaa cha njano kichwani, alisimama Plamedi, binti yake wa kwanza, anayesomea uuguzi Kasongo. Moyo ukamtulia. "Mutoto wangu yuko! Papa katekista, ule ni Plamedi, mutoto ya Sylvestre, kila mutu wa Kasongo anamujua. Plamedi! Uwaambie mama yako ni nani!"

Kwaya ikanyamaza. Plamedi akamtazama baba yake. Akamtazama Yvette. Akamtazama mama yake.

Akanyoosha mkono, akamwonyesha Yvette.

"Mama ni ule," akasema.

Ndugu msomaji, sina maneno. Hata Yvette alishtuka. Ernestine alishika kamba ya boti ili asianguke majini.

Plamedi akateremka ubao mbio, akamshika mama yake mabega, akamvuta pembeni nyuma ya magunia ya mchele. Alikuwa analia.

"Mama, unipige, lakini usikie kwanza. Si papa. Ni miye nilichota ile maji. Jumanne na jana. Dady alinisaidia juu ananipenda. Moto nilichukua ya papa."

"Weye? Tumbo yangu mwenyewe?"

"Nilikuwa mu stage Lusangi, najifunza kazi ku chanjo. Mama mumoja akaleta mutoto. Nikamuuliza jina ya baba. Mama, niliandika jina ya papa ku karte ya chanjo, na mukono wangu. Mutoto si wako. Na iko mwingine mukubwa yake."

Ernestine aliketi juu ya gunia la mchele.

"Nilitaka tu ukose boti. Ndoa ya mila, wazee wanaweza kukaa, unaweza kutoka. Ya kanisa hutoki! Sikujua ataleta ule. Lakini nilipomuona anapanda, nikasema Mungu ametengeneza. Amuchukue! Wafungwe wao wawili mupaka kufa!"

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Mama mudogo Cécilia alikuambia. Ulimufukuza na muiko. Mwaka mbili sasa hakanyagi kwetu."

Kweli hiyo ilimpiga Ernestine kuliko maneno yote ya siku ile. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo ndiye aliyekataa kujikung'uta. Alimfukuza dada yake kwa ajili ya mtu wa suti ya kijivu. Hasira ikapanda tena, lakini sasa ilikuwa baridi na ilijua inakokwenda.

"Mujinga weye," akamwambia binti yake, bila kelele. "Unazani unamufunga na ule? Ni jina yangu iko ku liste! Askofu ataandika Ernestine. Ule atarudi Lusangi na jina yake safi, na miye nitabakia nimefungwa na bwana ya mwingine, bila hata kula keki!"

Plamedi akaweka mkono mdomoni. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Weye nitakushugulikia Kibombo," Ernestine akasema. "Nyamaza sasa, na chochote nitasema, uitike."

Kengele ya boti ikalia. Marcellin alikuwa amemrudishia Yvette kadi na sasa anahangaika na orodha.

"Sylvestre na Ernestine, shahidi wa bibi iko wapi? Hapa sijaandika mutu. Niliwaambia tangu Kasongo, jozi yenye haina mashahidi wawili askofu anairudisha nyumba!"

Yvette na Sylvestre wakatazamana. Nani angemsimamia mwizi wa jina? Wachimbaji wanne wakarudi kuchunguza mbao.

"Miye nitasimama," ikasema sauti ufukoni.

Ernestine alikuwa ameinama majini, ananawa uso. Akasimama, akajifuta kwa kitenge, akapanda ubao kwa utulivu kama anayepanda kwenda kukomunika. Plamedi alimfuata nyuma.

"Weye?" Marcellin akashangaa. "Weye si ulisema ni weye bibi?"

"Papa, unisamehe, ni jua na njaa. Niko ndugu ya hii familia. Nilikasirika juu waliniacha. Uulize huyu mutoto."

"Ni kweli, papa," Plamedi akaitika. "Ni ndugu yetu."

Katekista akapumua kwa shukrani. Alikuwa na jozi kumi na mbili, mota inakunywa mafuta, na askofu asiyependa kungoja. Akailamba ncha ya kalamu.

"Sawa. Shahidi wa Ernestine. Jina yako?"

Ernestine akamgeukia Yvette, akamwangalia ndani ya macho.

"Yvette," akasema. "Yvette wa Lusangi. Niliolewa kanisani, kule Fizi. Bwana yangu iko muzima. Andika yote."

Marcellin akaandika yote. Sylvestre aliketi ghafla, suti na vyote, juu ya kapu la samaki. Na mwanamke wa nguo nyeupe akafungua mdomo kusema hapana, huyo si Yvette, akaona macho ya boti nzima yanamngoja aeleze amejuaje, akaufunga.

Sasa kila mwanamke alikuwa na jina la mwenzake, na mbele ya askofu asingelipata lake bila kurudisha alilolishika. Ubao ukavutwa. Boti ikaiacha Nyangwe.